Inavuma lakini haivuti: kutafuta ubovu wa vakyumu ya nyumba nzima, Malindi

Kila mwaka ukifika Novemba simu yangu haipumui. Nyumba za Casuarina na Mayungu zilizofungwa tangu masika zinafunguliwa, wenyewe wako njiani, na wasimamizi wanawasha kila kitu kwa mara ya kwanza baada ya miezi sita: pampu, friji, viyoyozi, na katika nyumba kadhaa, vakyumu iliyofungwa ukutani, yaani mashine ya kuvuta vumbi kwa mabomba yaliyo ndani ya kuta. Ninaloambiwa ni lile lile. "Fundi, inavuma lakini haivuti." Halafu: "Mota imekufa, sio?"

Mara nyingi mota ni nzima. Nimeona mota zikifunguliwa, zikatiwa kwenye gunia na kupelekwa Mombasa, zikarudi bila kurekebishwa chochote, kwa sababu ubovu haukuwa kwenye mota. Ulikuwa njiani, pale hewa inapopita, na mara nyingi uliingia siku bomba lilipolazwa, kabla ya plasta. Ndiyo maana nasema usiguse mota mpaka umeifuata hewa kutoka mdomo wa mpira wa kuvutia vumbi hadi inapotokea nje ya nyumba.

Mfumo wenyewe

Mashine, yaani mota na pipa la vumbi, hukaa stoo au gereji. Kutoka hapo bomba la plastiki la kipenyo cha kama milimita 50 hupita ndani ya kuta au chini ya sakafu hadi kwenye matundu yenye vifuniko. Pamoja na bomba huenda waya mbili nyembamba zenye volti kama 24 tu. Ukichomeka mpira wako wa mita 9 au zaidi kwenye tundu, waya hizo zinaungana na mashine inawaka. Uchafu unabaki kwenye pipa, hewa inapita filta, kisha inatolewa nje kwa bomba jingine.

Hiyo hewa kutolewa nje ndiyo faida ninayoithamini kuliko zote. Vakyumu ya kawaida ya kukokota hutema hewa yake chumbani mle mle, na unga mwembamba uliopenya filta unarudi kutua kitandani. Vumbi letu hapa lina mambo yake: mchanga wa pwani, chokaa inayobanduka kwenye kuta za zamani, na ule unga wa hudhurungi unaodondoka kwenye makuti kila upepo ukitikisa paa. Ufagio wa chelewa unaondoa mchanga vizuri, lakini ule unga unaupandisha juu tu. Ukiwa na mtu wa pumu nyumbani unajua ninachosema. Faida nyingine zipo: kelele inabaki stoo, hakuna kukokota mashine ngazini, na pipa kubwa linamwagwa mara chache kwa mwaka. Lakini kwa nyumba ya vyumba viwili yenye sakafu ya simenti na mikeka, siwezi kumshauri mtu atumie pesa zake huko. Tambara bichi linatosha.

Wazo lenyewe ni la kale. David T. Kenney alifunga mtambo wa namna hii katika jengo la Frick mjini Pittsburgh, Marekani, mwaka 1902, mashine ikiwa mahali pamoja na mabomba yakipanda ghorofani.

Kabla ya kufungua skrubu yoyote, sikiliza

Washa mashine, kisha ziba mdomo wa mpira kwa kiganja. Mota inayosukuma hewa nyingi ina kazi nzito, na sauti yake ni nzito. Ukiinyima hewa, feni yake inakosa cha kusukuma, inazunguka kasi zaidi, na sauti inapanda inakuwa nyembamba kama ya mluzi. Hilo moja litakuokolea siku nzima.

Sauti ikipanda ulipoziba, na kiganja kikanaswa kweli, mfumo ni mzima. Tafuta ubovu kwenye brashi ya sakafuni au fimbo yake. Sauti ikiwa nyembamba tangu mwanzo, kabla hujaziba, kuna mahali pameziba. Na sauti ikibaki nzito hata baada ya kuziba, hewa inaingia kwingine: kuna uvujaji.

Hatua ya pili ni kwenda stoo. Ng'oa bomba linaloingia kwenye mashine, washa, uweke kiganja pale pale. Pakivuta kwa nguvu, mashine haina neno na ubovu uko kwenye bomba, matundu au mpira. Pasipovuta, ubovu uko kwenye filta, mfuniko wa pipa, bomba la kutolea hewa, au mwisho kabisa mota.

"Haivuti popote"

Hii ndiyo simu ninayopigiwa zaidi, na huwa naanza na vitu vya bure. Pipa limejaa? Filta imeshikana? Unyevu wa bahari hugeuza vumbi kuwa kama udongo wa kufinyangia. Unaweza kuipiga filta nje mpaka uchoke na bado haipumui. Filta ya kitambaa ioshe kwa maji na uikaushe kabisa kivulini. Ile ya karatasi haioshwi, inabadilishwa. Na kama kuna mtu aliivutia mashine vumbi la simenti au la niru wakati wa ukarabati, hesabu filta hiyo imekwisha. Unga wa namna hiyo usiuvute kwa vakyumu ya nyumbani hata kidogo.

Halafu mfuniko wa pipa. Mpira unaouzunguka hukauka na kupasuka kwa joto letu. Pitisha kidole mzingo mzima. Ukisikia pengo, hapo ndipo hewa inapoingilia.

Kisha toka nje, nenda nyuma ya nyumba, uweke mkono kwenye tundu la kutolea hewa. Watu husahau huko. Mwaka mmoja huko Mayungu nilikuta mashine inapiga mluzi tangu inapowashwa, filta safi, pipa tupu, na nje hakuna upepo hata wa kuzima mshumaa. Nilifungua bomba la kutolea hewa nikakuta nyigu wa udongo amejenga humo kuanzia nyumba ilipofungwa. Vijumba vinne, vimekauka kama vigae. Nilivivunja kwa bisibisi. Ndani buibui walikuwa wamepangwa kama dagaa kwenye pakacha, chakula cha watoto wake. Nilitia kifuniko chenye vibao vinavyofunguka hewa ikitoka na kujifunga mashine ikizimwa, na mpaka leo hajarudi. Wavu mwembamba wa mbu usiuweke hapo, utajaa nyuzi za vumbi kwa wiki chache na utarudi pale pale.

Kama sauti ni nzito na mashine yenyewe inavuta vizuri ukiijaribu peke yake, tembea nyumba nzima na ukague kila kifuniko cha tundu. Kimoja kikibaki wazi, au raba yake ikiwa ngumu kama plastiki, kinayanyima mvuto matundu mengine yote. Sisimizi huingiza udongo kwenye bawaba, na mjusi hutaga mayai nyuma ya kifuniko, kikawa hakifungi sawasawa. Njia ya haraka ya kujua: ziba matundu yote kwa nailoni na utepe, kisha fungua moja moja ukisikiliza.

Ukiwa na geji ya kupima mvuto kazi ni nyepesi zaidi. Mashine nyingi za nyumbani huonyesha kati ya kilopaskali 25 na 35 mdomo ukizibwa. Pima kwenye mashine, andika, kisha pima kwenye kila tundu. Kwa kuwa mdomo umezibwa na hewa haitembei, namba zinapaswa kukaribiana nyumba nzima, hata kwenye tundu la mbali kuliko yote. Bomba refu halipunguzi kipimo hicho. Namba ikishuka sana, bomba linavuja, hata kama fundi aliyelilaza atakuapia kwamba ni umbali.

Moshi unaoingia ukutani

Nyumba moja Casuarina, uvujaji ulinitoa jasho siku mbili. Vifuniko vizima, mashine nzima, geji inashuka kila ninapoipima, na bomba lote limezikwa kwenye ukuta wa mawe ya matumbawe. Aliyenisaidia ni mama anayetunza ile nyumba. Alikuwa anafukiza chumba cha wageni, akaja na chetezo mkononi.

"Mwanangu, huu moshi wangu leo unaingia ukutani."

"Wapi, Mama?"

"Njoo uone. Nyuma ya kabati."

Tulilisogeza kabati. Mashine ilikuwa bado inavuma stoo, na moshi wa ubani ulikuwa unakwenda kama uzi ulionyooka hadi kwenye ufa mdogo wa plasta, chini ya bomba la kiyoyozi. Mafundi wa kiyoyozi walipotoboa ukuta mwaka uliopita, tindo ilipita ubavuni mwa bomba letu. Wakapaka plasta juu, wakaenda zao. Nilikata kipande cha sentimita 30, nikaunga kipya, geji ikarudi ilipokuwa.

Tangu hapo huwa nabeba ubani kwenye mkoba wa kazi. Ujaribu wewe pia: funga madirisha, zima feni, ziba matundu yote, washa mashine, na upitishe moshi polepole kwenye njia ya bomba. Lakini chetezo kikae mbali na tundu lililo wazi. Kaa moja likivutwa hadi kwenye pipa lililojaa nyuzi na vumbi kavu, una moto stoo. Kwa sababu hiyo hiyo majivu ya jiko hayavutwi, hata yakionekana yamepoa.

"Chumba kimoja tu"

Jaribu mpira ule ule kwenye tundu la chumba kingine. Ukivuta vizuri kule, ubovu uko kati ya tundu la kwanza na pale bomba lake linapoungana na njia kuu. Usipovuta kote, ni mpira: utumbukize gololi upande mmoja uone kama itatokea upande wa pili. Mpira ulioziba unazibuliwa kwa kuugeuza, mdomo wa kushikia unauelekeza kwenye tundu la ukutani, unaacha mashine inyonye kwa nyuma huku ukiunyoosha na kuutikisa.

Bomba la ukutani lililoziba huzibuliwa kwa wazo hilo hilo. Chukua vakyumu ya kukokota yenye nguvu, ifunge kwa tambara kwenye tundu husika, ivute kurudi nyuma wakati mashine kuu imezimwa. Usisukume waya wa chuma wa kuzibulia choo. Bomba hili ni jembamba, waya huo utalitoboa kwenye kona au utaushindilia uchafu zaidi.

Ninachokitoa humo mara nyingi ni kijiti. Kipande cha ukuti au njiti ya meno hukwama kwenye kona, nywele zinajifunga juu yake, kisha mchanga mbichi. Watoto wakitoka baharini na miguu yenye mchanga wa maji, acha ukauke kwanza ndipo uuvute. Mchanga mbichi ukikutana na unga wa chokaa ndani ya bomba unashikana kama lipu.

"Haiwaki kabisa"

Kagua swichi kubwa ya stima, kisha kitufe cha usalama kwenye mashine yenyewe. Kama ilikuwa inafanya kazi ikazima ghafla, iache nusu saa. Kinga ya joto ndani ya mota itajirudisha ikipoa. Stoo isiyo na dirisha chini ya mabati mchana wa Februari ni tanuri, na mota inapozwa kwa hewa hiyo hiyo.

Ikiwa bado, chomoa zile waya mbili nyembamba kwenye mashine, uguse vituo vyake viwili kwa kipande kimoja cha waya. Ikiwaka, mashine haina neno na waya au tundu ndilo lenye ubovu. Fungua tundu ambalo haliwaki: mara nyingi utakuta kutu ya kijani kwenye vituo vya shaba, chumvi ya bahari. Isugue kwa msasa laini. Tahadhari moja nzito: matundu mengine yana soketi ya volti 240 kwa ajili ya brashi yenye mota. Zima stima kwenye boksi kuu kabla ya kulifungua tundu lolote, hata kama unadhani lina volti 24 tu.

Isipowaka hata hapo, ni transfoma ndogo, rilei (swichi inayoamriwa na zile waya nyembamba), au brashi za kaboni, vile vipande vinavyopeleka stima kwenye sehemu ya mota inayozunguka. Rilei na transfoma huungua zaidi stima inapopotea na kurudi kwa kishindo. Weka gadi, kile kifaa cha kukinga mashine na stima mbovu, ila iwe ya ukubwa unaofaa: mashine ya wati 1600 inakula karibu ampea 7 kwenye volti 240, na zaidi kidogo inapoanza, kwa hiyo ile gadi ya friji ya ampea 5 haiwezi. Inverta ndogo ya sola pia haiwezi. Na kama mashine ililetwa na mtu kutoka Marekani, soma kibandiko kabla ya kuichomeka. Ya volti 120 itaungua siku hiyo hiyo.

"Haizimi"

Chomoa waya mbili nyembamba kwenye mashine. Ikizima, waya hizo zimegusana mahali: msumari wa picha, skrubu ya reli ya pazia, au sarafu iliyoingia nyuma ya kifuniko. Isipozima, rilei imeshikana na inabadilishwa. Kazi ya dakika 20.

Harufu ya kuungua, cheche, nguvu kupungua polepole

Hapa sasa ndipo ninapokubali kuifungua mota. Brashi za kaboni huliwa kama raba ya penseli. Nyingi hudumu kati ya saa 500 na 1,000. Nyumba inayotumia mashine nusu saa kila siku inafikisha kama saa 180 kwa mwaka, kwa hiyo hesabu mwenyewe. Zikibaki fupi ukaendelea kuitumia, zitakwangua shaba ya mota, na hapo ndipo kweli utanunua nyingine. Lakini pima kwanza volti wakati mashine inafanya kazi. Jioni watu wote wakiwa wamewasha, nimekuta 195 kwenye nyumba za mwisho wa laini, na mashine iliyozoea 240 lazima ichoke.

Ukiwa bado unajenga

Karibu kila ubovu wa bomba nilioueleza ungezuilika kabla ya plasta, kwa hiyo nitasema haya kwa kituo.

Usikubali bomba la maji taka la inchi 2. Fundi atakuambia ni sawa, na ni la bei nafuu, lakini kona zake ni kali na maungio yake yana ukingo ndani, na njiti ya kwanza itakwama hapo. Bomba la vakyumu lina kona pana zilizojipinda taratibu. Kona fupi inaruhusiwa mahali pamoja tu, nyuma ya tundu, ili kitu kisichoweza kupita kikwame hapo hapo unapoweza kukifikia kwa mkono. Pia usichanganye maungio ya Ulaya na ya Marekani. Vipenyo vinakaribiana kiasi cha kukudanganya, kisha vinavuja.

Kata bomba kwa msumeno ulionyooka, futa makovu ya ndani kwa kisu. Gundi ipake nje ya bomba linaloingia, kamwe usipake ndani ya kiungio, kwa sababu gundi ya ndani husukumwa mbele ikaganda kama ukingo katikati ya njia. Nimekata mabomba ya zamani na kukuta ukingo huo umeshika nywele kama kitana. Maungio ya njia tatu yaelekee upande hewa inakokwenda.

Matundu yapange kwa kamba ya mita 9. Simama unapotaka tundu, mwenzako aipeleke kamba kila kona, akizunguka vitanda na makochi kama mpira utakavyozunguka. Tundu moja kwa kila mita mraba 50 hadi 60 hutosha, likiwekwa kwenye korido au karibu na mlango. Kwenye nyumba za kale, za hapa au za Lamu, usipasue kuta za matumbawe na niru kutafuta njia ya bomba. Pitisha chini ya ngazi, ndani ya makabati, au nje kwenye ua.

Kabla plasta haijapigwa, ziba matundu yote, washa mashine, pima, na upitishe moshi wa ubani kwenye kila kiungio. Kisha piga picha ya kila ukuta ukiwa na futi ya kupimia imewekwa pembeni. Kwenye ile nyumba ya Casuarina hakukuwa na picha yoyote, basi nilipomaliza nilichora njia nzima ya bomba kwa kalamu isiyofutika nyuma ya mlango wa stoo, urefu kutoka sakafuni na kutoka kila kona, na kando ya kila tundu nikaandika kilopaskali zake. Mama alichukua kalamu akaongeza chini, kwa herufi kubwa: WA KIYOYOZI ASOME HAPA KWANZA.